Meli ya Mgeni na Haki ya Mwenye Bandari

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mkaguzi mmoja mstaafu wa meli mbele ya mkutano wa walimu na watumishi wa serikali. Tumeyachapa karibu yote kama alivyoyasema.)



Katika barua yenu mliniomba nizungumze juu ya kazi ya bandari. Kazi hiyo ni pana mno. Ina makuli na makarani, ina marubani na watu wa forodha, na kila mmoja wao angeweza kuwakalisha hapa mpaka jioni. Mimi nitasema juu ya kipande kimoja tu, nacho ni kile nilichokifanya kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu: kupanda katika meli za kigeni za biashara zinapofika bandarini, kuangalia kama ni salama kwa watu waliomo, na kama hazitatuchafulia bahari.

Nimekichagua kipande hicho kwa sababu moja. Katika miaka yote hiyo upinzani niliokutana nao haukutoka hasa kwa manahodha wa kigeni. Nahodha hununa, hulalamika, huitazama saa yake mara kumi. Lakini anajua kwamba mkaguzi ana haki ya kupanda. Upinzani mkubwa ulitoka nchi kavu, ofisini, kwa watumishi wenzangu, watu wasomi na wenye kuipenda nchi yao, ambao waliniuliza swali moja kwa namna mbalimbali: “Mzee, meli si yetu, mabaharia si wetu, na bendera si yetu. Inashusha mzigo na kwenda zake. Sasa wewe unaitafuta nini?”

Swali hilo si la kipumbavu, nami nitajitahidi kulijibu.

Kwanza tuulize meli ni ya nani. Chukueni mfano wa meli ya kawaida ya shehena, kama hizi tunazoziona zikingoja nje ya Dar es Salaam au Tanga. Aliyetoa fedha za kuinunua yumkini yuko Ulaya au Asia. Kampuni ambayo jina lake limeandikwa katika hati kuwa ndiyo mmiliki, aghalabu haina mali nyingine duniani ila meli hiyo moja, na ofisi yake ni sanduku la barua katika kisiwa fulani. Wanaoiendesha siku hata siku wako mji mwingine. Mabaharia ni Wafilipino, Wahindi, Waindonesia. Mzigo ni wetu. Na nyuma, kwenye tezi, inapepea bendera ya Panama, au Liberia, au Visiwa vya Marshall. Nchi hizo tatu peke yake zimeandikisha zaidi ya theluthi moja ya uwezo wote wa kubeba mizigo wa meli za dunia. Daftari la meli za Liberia haliendeshwi kutoka Monrovia; linaendeshwa na kampuni yenye ofisi zake katika jimbo la Virginia, Marekani. Na daftari la Visiwa vya Marshall, nchi iliyo katikati ya bahari ya Pasifiki, nalo vilevile liko Virginia. Jambo hilo si siri wala si kosa kwa sheria. Ndivyo biashara ya bahari ilivyopangwa.

Nisieleweke vibaya. Simaanishi kwamba kila meli yenye bendera ya kuazima ni mbovu. Nimepanda meli za Liberia zilizokuwa safi kuliko jikoni mwangu. Nisemalo ni kwamba siku meli ya namna hiyo inapopasuka mbele ya pwani yako, na mafuta yakaanza kuingia katika mikoko, utatafuta mwenyewe na hutamwona. Utakuta mawakili. Lakini siku ile ilipofunga kamba katika gati lako ulikuwa nayo, na nahodha wake ulikuwa naye uso kwa uso.

Kwa sheria ya bahari, wajibu wa kwanza wa kuhakikisha meli ni nzima ni wa nchi ya bendera. Hilo halina ubishi. Lakini bandari ni nyumba, si barabara. Chombo kinachoingia bandarini kimeingia ndani ya mamlaka ya mwenye bandari, na mikataba ya dunia inampa mwenyeji haki ya kukikagua na, pakiwa na hatari, kukizuia kisiondoke mpaka kitengenezwe. Mkataba wa Usalama wa Maisha Baharini wa mwaka 1974 unasema hivyo. Mkataba wa Kuzuia Uchafuzi utokao katika Meli, wa mwaka 1973 na marekebisho yake ya 1978, unasema hivyo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliotiwa sahihi Montego Bay, Jamaika, Desemba 1982, unalithibitisha jambo hilo kwa upande wa uchafuzi. Na katika kuujenga utaratibu ule sisi hatukuwa watazamaji: Ndugu Joseph Warioba aliongoza Tume ya Matayarisho iliyofuata baada ya mkataba kutiwa sahihi, na baadaye akawa mmoja wa majaji wa kwanza wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari.

Ila haki iliyo katika karatasi haipandi ngazi ya meli. Wazungu wenyewe, wenye bandari kubwa na meli nyingi, walichelewa kuitumia. Mwaka 1967 meli ya mafuta Torrey Canyon, yenye bendera ya Liberia, ilipanda mwamba karibu na Cornwall, Uingereza, ikiwa na zaidi ya tani 100,000 za mafuta ghafi. Watu walishtuka, mikutano ikafanywa. Kisha tarehe 16 Machi, 1978, Amoco Cadiz, nayo ya bendera ya Liberia, iliharibikiwa na mtambo wa usukani, ikasukumwa na mawimbi hadi katika miamba ya Brittany, Ufaransa, na kumwaga karibu tani 220,000. Katika mwezi huo huo nchi kadhaa za Ulaya zilikuwa zimetia sahihi mjini Hague makubaliano madogo, yaliyohusu zaidi hali ya kazi ya mabaharia. Wavuvi na wenye mashamba ya chaza wa Brittany waliyafanya makubaliano yale yaonekane kama kanga moja kwa watoto kumi. Ndipo Januari 1982 nchi 14 zilipokubaliana mjini Paris kwamba zitakagua meli za kigeni kwa utaratibu mmoja, na kupashana habari juu ya kila meli iliyokaguliwa. Mapatano hayo yalianza kazi Julai mwaka ule.

Sehemu nyingine za dunia zikafuata. Kwetu sisi, Mapatano ya Bahari ya Hindi yalikubaliwa Pretoria mwaka 1998 na kuanza Aprili 1999. Ofisi yake iko Goa, India, nasi na ndugu zetu wa Kenya tumo. Hapa Tanzania Bara kazi hiyo leo iko chini ya TASAC, Zanzibar iko chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini, na Kenya wana Mamlaka yao ya Bahari. Mambo ya nani anawajibika kwa nani sitaingia humo. Mnayajua kuliko mimi.

Sasa mkaguzi hufanya nini?

Watu wengi hudhani tunakwenda kusoma vyeti. Kweli tunaanza na vyeti, navyo ni vingi: cha muundo wa meli, cha zana za usalama, cha redio, cha mstari wa mzigo, cha kuzuia uchafuzi wa mafuta, cha idadi ya mabaharia, na vyeti vya mabaharia wenyewe mmoja mmoja. Lakini cheti ni maneno ya mtu mwingine. Mkaguzi mzuri huanza kukagua kabla hajafika ofisini kwa nahodha. Ngazi aliyopandia ilikuwaje? Kamba zake zimeoza? Baharia aliyempokea alikuwa macho, au anasinzia kwa sababu hajalala siku mbili? Sitaha ina kutu kiasi gani, na rangi mpya imepakwa wapi? Rangi mpya mahali pamoja tu hunitia shaka kuliko kutu mahali pote.

Kama vyeti viko sawa na macho hayakuona baya, tunaondoka kwa adabu. Hii ni sheria, si hisani: mkaguzi hana ruhusa ya kuivuruga meli nzima kwa kutaka tu. Lakini akiona dalili za wazi kwamba hali ya chombo haifanani na karatasi zake, hapo ana haki ya kwenda ndani zaidi, naye huenda.

Huenda kwenye mashua za kuokolea. Hutaka ishushwe moja. Ndugu zangu, ningewaomba mwaminio takwimu mje mwone jambo hili kwa macho: mashua imepakwa rangi ya chungwa inang'aa, ndani mna maji na biskuti, cheti kimepigwa muhuri, na kulabu zinazoishika zimeganda kwa kutu hata watu wanne hawawezi kuzifungua. Huenda kwenye pampu ya dharura ya kuzimia moto, ile inayokaa mbali na chumba cha mitambo ili moto ukizuka mle iendelee kufanya kazi. Huamuru iwashwe. Mara ngapi nimesimama sitahani nikiutazama mpira wa maji uliolala kama nyoka aliyekufa, huku fundi akinihakikishia kwamba jana ulitoa maji!

Kisha hushuka chini kwenye mitambo, na huko ndiko suala la bahari yetu liliko. Chini kabisa ya chumba cha mitambo hujikusanya maji yaliyochanganyika na mafuta, yale ambayo watu wa majahazi huyaita maji ya ngama. Mkataba unasema maji hayo yasimwagwe baharini mpaka yapitishwe katika chombo cha kuchuja, na yakitoka yasiwe na mafuta zaidi ya sehemu 15 katika kila sehemu milioni. Mabaki mazito yachomwe melini au yatolewe bandarini. Kila kinachofanyika kiandikwe katika daftari la mafuta, na mhandisi atie sahihi. Chujio ni ghali kulitunza, na kutoa mabaki bandarini kunalipiwa. Kwa hiyo wajanja hufunga bomba la pembeni linalolikwepa chujio na kuyapeleka maji machafu moja kwa moja baharini usiku. Kwa Kiingereza wanaliita bomba la uchawi. Mimi nimezoea kuliita bomba la kiinimacho. Asubuhi linafunguliwa na kufichwa, na daftari linaandikwa kwa mwandiko mzuri sana.

Msidhani ni meli chakavu tu zinazofanya hivyo. Mwaka 2013 mhandisi mmoja kijana, aliyekuwa ameajiriwa karibuni katika meli kubwa ya watalii Caribbean Princess, aliliona bomba hilo, akaacha kazi meli ilipofika Uingereza na kuwaarifu wakuu wa huko. Waingereza wakawapasha Wamarekani, na wakaguzi wa Marekani wakapanda meli ilipofika New York. Kampuni yake, Princess Cruises, ilikiri makosa mwaka 2016 na kutozwa dola milioni 40. Hapo ndipo mtakapoona maana ya bandari kupashana habari. Kosa lilionekana kwa Mwingereza, likashikwa kwa Mmarekani.

Mkaguzi hutambuaje? Kwa hesabu ya darasa la sita, ndugu walimu. Injini ya ukubwa fulani, iliyofanya kazi siku kadhaa, hutoa mabaki kiasi fulani. Tangi linaonyesha kiasi hiki. Daftari linasema kiasi kile kilichomwa. Tanuru la kuchomea lina uwezo wa lita kadhaa kwa saa. Ukijumlisha na kutoa, na hesabu ikakataa, unarudi kuzitazama nati za bomba. Nati iliyofunguliwa mara kwa mara haina rangi kwenye pembe zake.

Yapo na mengine ambayo nayapitia haraka: takataka za plastiki, ambazo hazitupwi baharini kabisa, mafuta ya injini, ambayo tangu Januari 2020 hayaruhusiwi kuwa na salfa zaidi ya asilimia 0.50, na maji ya farumi, yale yanayojazwa katika matangi ili meli tupu isiyumbe, ambayo huchotwa bahari moja na kumwagwa nyingine pamoja na viumbe wake. Mkataba wake ulianza kutumika Septemba 2017.

Halafu huingia jikoni. Huko sikai dakika nyingi, lakini sijaacha kuingia hata mara moja. Mpishi akifungua jokofu likawa na kabichi nne na mkia wa samaki kwa ajili ya watu 20, nimekwisha kujua mshahara haujalipwa, na ambapo mshahara haujalipwa vipuri navyo havijanunuliwa.

Sasa nitawapa kisa kimoja, maana bila kisa mambo haya yanabaki hewani.

Miaka michache kabla sijastaafu ilifika katika bandari moja ya pwani yetu meli iliyobeba mbolea. Mvua zilikuwa karibu. Nilipanda na mwenzangu kijana, tukakuta mambo matatu niliyokwisha kuyataja: kulabu zilizoganda, pampu ya dharura isiyotoa maji, na hesabu ya mabaki ya mafuta iliyokataa. Mabaharia walikuwa hawajalipwa miezi mitatu. Nikaandika hati ya kuizuia meli isiondoke, nikampa nahodha nakala, na nyingine ikapelekwa kwa nchi ya bendera kama sheria inavyotaka.

Kabla sijafika nyumbani simu ilikuwa imelia. Ya kwanza ilitoka kwa wakala wa meli, hiyo niliitarajia. Ya pili ilitoka katika ofisi moja ya serikali, na aliyesema nami hakuwa mtu mbaya. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshikwa. “Mzee,” alisema, “wakulima wanangoja mbolea, wewe unagombana na nati. Mvua ikinyesha kabla mbolea haijafika mashambani, njaa hiyo utaikagua wewe?”

Usiku ule sikulala vizuri, nami nakiri hivyo mbele yenu. Mtu asiwaambie kwamba kazi ya ukaguzi ni haki upande mmoja na ulafi upande wa pili. Mbolea ilikuwa ya kweli, na mvua ilikuwa ya kweli.

Lakini asubuhi nilikwenda katika ofisi ile, nikaomba dakika kumi, nikagundua jambo ambalo ndilo limenileta hapa leo. Ndugu yule alidhani kwamba kuizuia meli ni kuuzuia mzigo. Hakuna aliyepata kumweleza kwamba hati ile haigusi kazi ya gatini. Maadam kushusha hakuleti hatari, makuli wanaendelea kushusha, magari yanaendelea kupakia, na karani anaendelea kuandika. Kinachozuiwa ni meli kung'oa nanga. Wala meli mbovu haikawii bandarini kwa sababu ya mkaguzi. Inakawia kwa sababu ya ubovu. Tulimaliza mazungumzo yetu tukinywa chai. Siku ya tano mbolea yote ilikuwa imetoka. Kipuri cha pampu kilikuja kwa ndege. Bomba tulilolishuku lilifunguliwa mbele yetu na matundu yake yakazibwa kwa vifuniko. Siku ya saba tukaamuru mashua ishushwe. Ikashuka mpaka majini na watu wanne ndani yake, ikazunguka, ikapandishwa. Mpishi, ambaye si kazi yake kuwapo pale, alitoka jikoni akapiga makofi. Fedha za mabaharia zilifika siku ya nane, meli ikaondoka siku hiyo hiyo.

Nawasimulia kisa hiki si kwa sababu nilishinda. Nawasimulia kwa sababu ingekuwa rahisi sana nishindwe, na hakuna mtu yeyote ambaye angekuwa amevunja sheria. Ningepigiwa simu ya tatu, kutoka juu zaidi. Ningepunguza maneno “isiondoke” yakawa “itengenezwe bandari ijayo”. Meli ingeondoka na pampu yake iliyokufa, nasi tungesahau.

Bandari ijayo! Maneno hayo ndiyo sumu ya kazi hii. Bandari ijayo ni ya nani? Kutoka kwetu ni Mombasa, au Nacala, au Comoro, au Colombo. Na hapa sina budi kuwakumbusha habari ya X-Press Pearl. Meli hii ilikuwa mpya, yenye bendera ya Singapore. Mei 2021 kasha moja la tindikali kali lililokuwamo ndani yake lilianza kuvuja. Iliomba kulishusha katika bandari ya Hamad, Qatar, ikakataliwa. Ikaomba Hazira, India, ikakataliwa. Ikaendelea na safari mpaka mbele ya Colombo, Sri Lanka, na tarehe 20 Mei moto ukazuka. Ilizama mwanzoni mwa Juni, ikiwa imemwaga punje za plastiki, zaidi ya tani 1,600, zilizofunika fukwe za wavuvi kama mchele uliomwagika. Sisemi kwamba bandari zile mbili zilikuwa na vifaa vya kulipokea kasha lile. Huenda hazikuwa navyo. Lakini kumfukuza mgeni mgonjwa usiku si kujikinga. Ni kumpeleka akafie kwa jirani. Na katika bahari hii sisi nasi ni jirani wa mtu.

Mfano wa pili unatuonya tusijione tunaweza yote. Tarehe 25 Julai, 2020, Wakashio, meli ya Kijapani yenye bendera ya Panama, ilipanda matumbawe ya Mauritius. Haikuwa ikienda Mauritius. Ilikuwa ikipita tu, kuelekea Brazil. Uchunguzi wa Wajapani ulionyesha kwamba iliisogelea pwani ili mabaharia wapate mtandao wa simu, na kwamba haikuwa na ramani inayofaa kwa maji ya karibu na nchi. Karibu tani 1,000 za mafuta ziliingia katika ghuba, na wananchi wakatoka kwa maelfu kushona majani ya miwa wapate kuyazuia. Mkaguzi wa Mauritius hakuipata kamwe nafasi ya kupanda meli ile. Kama kuna aliyeweza kuiuliza juu ya ramani zake, ni mkaguzi wa bandari nyingine, maelfu ya maili kutoka pale. Basi na sisi tujue kwamba zinapita mbele ya Mafia na delta ya Rufiji meli ambazo hazitatia nanga kwetu hata siku moja. Tunawategemea wengine wazikague, kama wao wanavyotutegemea.

Sasa niseme juu yetu wenyewe, maana nikinyamaza hapa nitakuwa nyani asiyeona kundule.

Kwanza, kuna katoni za sigara. Meli mbovu nyingi huwa na chai nzuri, na baada ya chai huja mfuko. Kijana mwenye mshahara mdogo, anayepanda peke yake, jua kali, nahodha mtu mzima akimwita “bwana mkubwa”, yuko katika jaribu. Dawa niijuayo ni wakaguzi wawili wapande pamoja, na taarifa iandikwe siku ile ile mahali ambapo bandari nyingine zitaiona. Uongo unaosomwa na jirani hauishi muda mrefu. Na upande wa pili wa jambo hilo hilo: mkaguzi anayeizuia meli bila sababu, ili abembelezwe, ni mwizi vilevile, na mikataba inampa mwenye meli haki ya kudai fidia. Fidia hiyo huilipa hazina yenu.

Pili, tunadai meli zisimwage mabaki baharini. Ni haki. Lakini mkataba huo huo unaitaka bandari iwe na mahali pa kuyapokea, kwa bei isiyomkimbiza mtu, na bila kuichelewesha meli. Kila anayepanga bajeti ya bandari na akaliona fungu hilo kuwa la kukatwa kwanza, ajue analipa gharama za lile bomba la kiinimacho.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma. Kwa miaka kadhaa bendera yetu wenyewe ilikuwa katika orodha nyeusi ya Mapatano ya Paris, yaani orodha ya bendera ambazo meli zake zimezuiwa mara nyingi mno. Meli nyingi kati ya hizo hazikuwa za Mtanzania yeyote. Ziliandikishwa kupitia daftari la kimataifa la Zanzibar na mawakala walioko ng'ambo. Mwaka 2012 ilikuwa aibu ya meli za mafuta za Iran, zikafutwa. Januari 2018, baada ya meli zenye bendera yetu kukamatwa mbali na shehena haramu, Rais John Magufuli aliagiza uandikishaji wa meli za nje usimamishwe kwa muda na zilizomo zichunguzwe. Nilikuwa nikisoma taarifa za ukaguzi kutoka Ulaya, nikaona “Tanzania” mbele ya majina ya meli ambazo hazijapata kuonja maji ya Bahari ya Hindi: kulabu zimeganda, pampu haifanyi kazi, mishahara haijalipwa. Yale yale niliyokuwa nikiyaandika juu ya wengine. Mkaguzi mwenzangu wa nchi ya mbali, alipokuwa akipanda ngazi ya meli zile, bila shaka alijiuliza kama nilivyojiuliza mimi: wenye bendera hii wako wapi?

Ndugu walimu, mmekaa kimya nami nimewasahau. Wale mlio Dar es Salaam, siku mnapowavusha wanafunzi kwa pantoni kwenda Kigamboni, waonyesheni ubavu wa meli inayopita katika mlango wa bandari. Katikati yake pana duara lililokatwa na mstari, na kando yake ngazi ndogo yenye herufi: T kwa bahari za joto, S kwa kiangazi, W kwa kipupwe. Mwingereza Samuel Plimsoll alipigania alama ile bungeni kwao mpaka ikawa sheria mwaka 1876, kwa sababu wenye meli walikuwa wakipakia kupita kiasi, kisha wakalipwa bima mabaharia wakiwa wamekufa maji. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuona kama mstari uko juu ya maji au umezama. Huo nao ni ukaguzi, na hauhitaji ruhusa ya mtu.

Nanyi watumishi wenzangu, ombi langu ni dogo. Hati ya kuizuia meli itakapofika mezani kwenu, na wakala akawa amekaa mbele yenu akijifuta jasho, msipige simu kwanza. Isomeni mpaka ukurasa wa mwisho, ule wa kasoro. Kama hamwelewi neno, mwiteni mkaguzi awaeleze, atakuja. Muulizeni mzigo unashushwa au haushushwi. Kisha, kama bado mnaona mna sababu ya kupiga simu, pigeni.

Ndugu Mwenyekiti, naona umetazama saa kama nahodha. Maswali nitayapokea.